Lema ya Ukurasa wa 31

Jumatatu, 15 Julai
Nimeshinda natembea mu nyumba. Soutenance, kutetea tasnifu yangu mbele ya jury, ni Jumamosi! Saumu, mwenye nyumba yangu hapa Baraka, alikuwa anachambua ndagala, samaki wadogo, ku mulango. Akauliza: hiyo mathématiques yako inasema nini basi? Nikajaribu. Nikamwambia kuko nafasi zenye pointi kupita hesabu, hatuwezi kuzimaliza. Basi tunaazima chombo cha logique: tunachukua dunia ndogo ndani ya ile kubwa. Ukiiuliza swali yoyote juu ya vitu vyake, inajibu sawasawa na ile kubwa. Tunachunguza ndogo, tunajua kubwa.

Akasema: "Na kama mi natembea mule, hatua kwa hatua, bila kuisha – kwenye naelekea, nako ni ndani?"

Nikajibu ndiyo, iko lema, hoja ndogo yenye kubeba zingine, ukurasa wa 31 wa tasnifu. Nikaenda kuiangalia. Tangu pale sijakaa chini.

Jumanne, 16 Julai
Iko tundu. Kila hatua iko ndani, sawa. Lakini safari nzima inaweza kuwa haiko ndani, na kikomo chake kinabaki inje. Lema ni ya Prof Bertin, directeur mwenye kusimamia tasnifu yangu, ilitoka mu makala yake. Miaka mbili naikopi tu – bila kuuliza!

Jumatano, 17 Julai
Nimepanda moto, pikipiki, mpaka Fizi, kwa Bertin. Alisoma. Halafu: "Kabagwira, jury haitafika pale. Soutenance kwanza, kusahihisha kisha."

Nikamwambia: Prof, dawa iko. Tupanue ile dunia ndogo, imeze kila safari ya hatua zake. Lema itasimama. Ila haitakuwa tena ndogo vile titre, kichwa cha tasnifu, inasema.

"Na makala yangu?"

Akafunga kompyuta. Akiondoa sahihi yake, sina soutenance. Na kazi ya assistant ku université inaenda kwa mwingine.

Ijumaa, 19 Julai
Papa amefika! Mzee Ntagwabira mwenyewe, kutoka Minembwe – siku mbili kwa miguu, halafu moto. Miguu imevimba. Ameomba pasi, ananyoosha koti. Sijamwambia kitu.

Jumamosi, 20 Julai. Koridori
Jury bako banaongea, sisi inje. Mikono iko chaki tupu, naandika vibaya. Isidore, président wa jury, hakuuliza chochote juu ya 31. Alisema asante, maswali yameisha. Ningekaa tu! Nikasema: pardon, kuko lema moja haisimame. Nikaandika yote ku ubao, tundu na dawa. Sikumwangalia Bertin.

Papa anauliza, kwa lugha yetu, mbona nilirudi ku ubao. Nimemwambia tungoje.

Bertin amekaa ku benchi ingine, kopi yangu ku magoti, imefunguliwa pa 31. Bic, kalamu yake, inakimbia. Anafuta. Anaandika tena. Ni dawa yangu anajaribu.

Mulango umefunguka. Isidore ameita jina yangu. Nimesimama na kayé, daftari hii, mu mukono –

Bertin hajainua kichwa. Ameinua mukono tu: "Mutupatie dakika kumi."