Zamu ya Maji ya Mzee Zefania

Mzee Zefania, shikamoo.

Sina wa kuniitikia marahaba, lakini mdomo umeizoea shikamoo yako ya saa kumi na mbili asubuhi na unaitoa wenyewe. Hii ni wiki ya tatu tangu wakupandishe kwenu Bombo, mlimani, kukuzika. Mimi sikuja. Niliwaambia niko zamu. Kweli nilikuwa zamu, lakini hata kama nisingekuwa, nisingekuja.

Kitanda chako hapa kwenye makao ya wazee amepewa Bibi Namsifu wa Kisiwani. Mchana kutwa anatafuta mbuzi wake. Ukimwambia hapa hakuna mbuzi anakugeukia: "Wewe ndiye uliyewachinja!" Ungempenda.

Binti yako alinipigia simu baada ya matanga. "Dada, asante kwa kumtunza baba. Nimeambiwa siku za mwisho alikuwa ametulia kabisa." Nikamjibu, asante. Mimi, uliyeniita Wakili! Mimi, uliyesema mdomo wangu ukifungwa mkanda wa mashine utakoboa mpunga wa Kihurio yote! Nikasema asante, nikakata simu, nikaenda kubadilisha mashuka.

Ametulia. Neno hilo limetoka kwenye daftari letu la ripoti, tunapoandika "ametulizwa". Nimesoma vitabu vingi, nimegombana na madiwani na wachungaji juu ya maneno, sijaona neno la woga kama hilo. Maana yake amefungwa.

Mwanzo haikuwa hivyo. Kila alfajiri uliamka kwenda kufungua ndiva, lile bwawa la mfereji wenu kule mlimani, kwa sababu ilikuwa zamu ya ukoo wako kumwagilia. Zamu ile iliisha miaka mingi iliyopita, lakini miguu yako haikuambiwa. Sikubishana nawe. Nilikushika mkono tukaenda hadi bomba la uani, ukafungua, ukatazama maji yanavyoingia kwenye mipapai, ukafunga. "Mahindi yamekunywa," ukasema, ukarudi kulala. Dakika kumi tu. Hakuna kidonge kilichokufaa kuliko dakika hizo.

Kisha muuguzi mwenzangu akahamishwa na hawakuleta mwingine. Nikabaki mimi na wazee ishirini na mmoja. Wale wanaotuletea keki na kamera mara moja kwa mwaka wanasema uuguzi ni wito. Wito! Ukiitwa na watu ishirini na mmoja kwa mpigo, unamwitikia nani? Asubuhi moja nilikuwa namsafisha mwenzako aliyejichafua, wewe ukaenda bombani peke yako, ukaanguka ngazini. Matroni akasema, "Huyo mzee mfunge. Akivunjika nyonga utajibu wewe."

Nilipiga kelele, Mzee. Nilisema juu ya utu na sheria, nikaandika barua ya kurasa tatu. Halafu nikaenda nikakufunga. Mkono wa kulia, kwenye chuma cha kitanda, kwa kitenge changu, kwa sababu kamba ingekuchubua. Nilichagua kitambaa laini. Huo ndio uliokuwa upinzani wangu.

Nawe hukunipinga. Mkono uliuleta mwenyewe, kama mtu anayepimwa presha. Ukauliza tu, "Na zamu yangu anashika nani?"

Nikasema, "Mimi, Mzee."

Sikulifungua bomba. Asubuhi kumi na moja uliniuliza kama mahindi yamekunywa, nikasema yamekunywa, nikaandika "ametulizwa", nikatia sahihi. Kisha kifua kikakubana, ukaenda. Sisemi kitenge ndicho kilichokuua. Daktari alisema kifua kilikuwa kibovu tangu zamani. Nasema uliondoka ukiamini kuna mtu amefungua maji. Na aliyekudanganya ni mimi.

Nimechoka. Uchovu wa miguu naujua, unaisha kwa maji ya moto na chumvi. Huu hauishi.

Jana matroni aliniambia Bibi Namsifu naye atulizwe. Nikasema sifungi. Basi. Sikuhubiri wala kuandika kurasa tatu. Nimegundua kwamba katika hotuba zile nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Sasa nazunguka naye kitanda hadi kitanda, anahesabu wazee akidhani ni mbuzi. Kapata ishirini, anadai mmoja kaibiwa. Kazi zinachelewa. Jana wazee wawili hawakuogeshwa, na hilo nalo nimeliandika.

Kisha nikafungua kurasa zako kwenye daftari. Chini ya ule mstari wa mwisho nimeandika: "Ametulizwa maana yake alifungwa mkono, siku kumi na moja. Niliyemfunga ni mimi." Jumatatu naitwa ofisini. Waniite.

Ofisi siiogopi. Namwogopa binti yako. Jumamosi hii napanda Bombo, kabla wengine hawajanisemea, nimwambie asante yake haikuwa yangu na nimeirudisha. Akinifukuza, nitapita kaburini kwako nishuke. Nakuahidi nitafika.

Pumzika, Mzee wangu. Pumzika, si kutulizwa. Leo saa kumi na mbili nilimshika Bibi Namsifu mkono tukaenda uani, tukafungua bomba, tukasimama tukitazama mpaka mipapai yote ikapata. Zamu yako nimeishika, ingawa nimechelewa.

Nikamwambia Bibi, mahindi yamekunywa. Akanikemea: "Mahindi gani? Ni mbuzi ndio wamekunywa."

Sikubishana naye.

Ni mimi, yule Wakili.