Karatasi Zako za Kiingereza

Dada Zornitsa,

Huku tu wazima. Mbuzi kazaa mapacha, na Baba bado anagombana na jiko la kuni.

Karatasi zako zipo vilevile. Unakumbuka ulivyozibandika nyumba nzima ulipokuwa ukisomea mtihani wa Kiingereza? Mlango, kioo, kabati, kila kitu na jina lake. Mkate hukumpa mtu mpaka autaje kwa Kiingereza. "Basi nitakufa njaa ndani ya nyumba yangu!" Baba akifoka, na Mama, mdomo umejaa mkate, ndiye alikuwa mwanafunzi wako hodari.

Juzi Mama alitimiza mwaka tangu atutoke. Tukachapisha tangazo la kumbukumbu lenye picha yake, kama kawaida yetu, nikaenda kulibandika mlangoni. Karatasi yako ilikuwa imekaa palepale pa kubandika. Nikaanza kuibandua. Hukuja kumzika, nikaona haina haki ya kukaa pale.

Baba akanidaka mkono. "We Asen, koma! Mama yako alikuwa akilisoma neno hilo kila akiingia. Mpaka wiki ile ya mwisho!"

Sasa ziko pamoja, neno lako juu, Mama chini yake.

Jioni Baba akaniuliza, "Hivi 'rudi', huko Uingereza wanasemaje?" Nikamwambia. Akaliandika mwenyewe kwa herufi zetu, si zile za Kiingereza, polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Amelibandika kwenye kitanda chako.

Mdogo wako,
Asen