Nyumba Isiyofuka Moshi

Jumanne, Julai. Ukungu umeikalia Nyamache tangu Ijumaa, na majani ya chai hapo chini ya ua siyaoni. Baridi ya kuingia kwenye viungo.

Wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza wajue hili: nilirudi kwenye shamba la baba yangu nikiwa mzee, baada ya kuishi ugenini zaidi ya nusu ya umri wangu. Huko nilichomewa nyumba mara mbili. Moshi kwangu si moshi tu.

Ndiyo maana nilijijengea nyumba isiyo na moshi. Matofali ni ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine, si ya kuchomwa kwenye tanuri linalomaliza mikalitusi ya kijiji kizima. Dari ni nene chini ya mabati, madirisha yanatazama jua la asubuhi, jiko ni la gesi ya samadi ya ng'ombe wangu wawili. Kuta hunywa joto la mchana na kulirudisha usiku. Hata mwezi huu nalala na blanketi moja.

Niliijenga kwa ajili ya watu wawili, mimi na dada yangu. Dada yangu mkubwa Kerubo, mjane, amepikia kuni maisha yake yote na kifua chake kimechoka. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea na moshi hatafika mbali. Hata hivyo alikataa kuhamia kwangu, akabaki kwenye jiko lake la kuni, nyuma ya migomba, akikohoa hadi namsikia nikiwa huku.

"Momura ominto," aliniambia, kwani ndivyo dada humwita kaka yake kwetu, "nyumba ambayo paa lake halifuki asubuhi haina watu. Au wamo, lakini si watu."

Majirani nao wakienda sokoni hunisalimu kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ndani kuna mtu.

Sasa niandike jambo lenyewe.

Udongo wa matofali ulitoka kwenye nyumba ya mama. Kwetu nyumba ya marehemu huachwa ianguke yenyewe, na hiyo ilikuwa imeanguka zamani, likabaki tuta lililoota nyasi. Fundi aliujaribu udongo wake akasema hatapata bora kuliko huo. Kerubo alisimama kando ya migomba akatazama koleo likiingia.

Mvua zilipoanza wiki iliyopita, niliamka alfajiri nikinusa moshi.

Nilitoka mbio na nguo za kulalia, mzee mzima, nikazunguka nyumba nikitafuta ndimi za moto. Hapakuwa na kitu. Jiko la gesi lilikuwa baridi. Kulipopambazuka harufu ikapotea. Siku iliyofuata ikarudi wakati ule ule, wakati ambao mama aliwasha moto wa uji.

Nimesoma vya kutosha kujua kwamba udongo uliofyonza masizi miaka mingi unaweza kuitoa harufu yake ukilowa. Lakini kuta hizi hulowa mchana kutwa bila kunuka, zikingoja alfajiri. Tena ipo sehemu moja ya ukuta, kimo cha mtu aliyechuchumaa, ambayo mkono wangu huikuta na joto. Jua hatujaliona tangu Ijumaa.

Jana nilikuwa nje tena Kerubo alipotokea kwenye ukungu na fimbo yake. Alisimama mlangoni akainua pua.

"Nani amewasha?"

"Hakuna aliyewasha."

"Kuni za muwati," alisema. Kisha akacheka hadi akakohoa. "Ulidhani utamweka mama ukutani anyamaze? Mama yule?"

Akaingia. Jioni akaleta godoro lake.

Usiku mzima sikusikia kikohozi. Ndicho nilichokitaka, ndicho nilichokijengea. Lakini leo alfajiri harufu ilipokuja mimi nilikuwa tayari barazani, na nyuma yangu nilimsikia Kerubo akiongea Ekegusii, lugha yetu, polepole, akinyamaza kila baada ya maneno machache kama anayengoja kujibiwa.

"Ingia, wewe!" Kerubo akaniita. "Uji unapoa!"

Nilibaki barazani. Jiko la gesi huwaka kwa mlio, na mlio huo sikuwa nimeusikia.

Nilipoingia, kumeshakucha, kikombe changu kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa kisahani. Uji wa wimbi. Niliunywa. Sikumwuliza umepikwa na nani, naye hakuniambia.

Niliwakimbia watu walionijia na moto, na nilikuwa na haki ya kukimbia. Sasa naukimbia moto usiokuwepo, na nyumba niliyoijenga kwa ajili ya wawili ina watu, ila mimi ndiye niliye nje.

Alfajiri ijayo, harufu ikija, sitatoka. Nitamfuata dada yangu hadi pale kwenye ukuta, nichuchumae, nikinge mikono kwenye joto kama tulivyoikinga utotoni mbele ya moto wa mama.

Nikiweza.