Mchezo wa Vita Niliouchagua

Kwa kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na wale watundu wawili. Mgongo umepona, au bado unabeba vifaa vya kupimia ardhi kama kijana wa miaka ishirini? Sisi hatujambo. Mama anakula, analala, anagomba. Kwa hiyo afya anayo.

Uliniomba nitafute mchezo wa vita wa mezani, tuucheze likizo yako. Nilikwenda dukani Jumamosi. Muuzaji, mama mmoja mwenye maswali mengi kuliko daktari, alitaka kujua mchezaji ni mtu wa namna gani: anapenda kubahatisha au kupiga hesabu, ana subira ya saa ngapi, akishindwa anacheka au ananuna. Nikamjibu kwamba kaka yangu hataki dadu, anapenda ramani yenye kila kijito, na anaweza kumaliza saa nzima akiwapelekea askari wake chakula kabla hawajafyatua risasi hata moja. Kuhusu kununa nilikusitiri.

Akanitolea ule hasa unaouota: vikaratasi mia nane, kila kimoja na tarakimu zake, na kitabu cha sheria kinene kama tofali. Nikaushika, nikaurudisha. Nimenunua mwingine. Una vipande vikubwa vya mbao, ishirini na vinne tu, vinavyosimama wima. Kila mtu anaona nguvu za jeshi lake, za adui anakisia. Sheria ni kurasa sita. Najua utasema ni wa watoto.

Kaka, nisikufiche. Sikukuchagulia wewe, nilijichagulia mimi. Zile tarakimu sikuziona. Mwezi wa tatu, pale kiwandani kwetu cha uchapaji, nilipitisha lebo ya dawa yenye kosa la kipimo, mimi niliyesoma prufu na kusahihisha makosa miaka kumi na tisa bila doa. Bahati nzuri mwenzangu aliliona kabla haijachapwa. Daktari wa macho amesema miwani haitasaidia, na kwamba nitaendelea kupungukiwa na nuru ya macho. Sasa niko chumba cha kufunga vitabu. Mama hajui. Nimelia, sitakudanganya.

Giza nitalizoea. Ninachoogopa ni siku utakayoanza kuniachia nishinde. Tangu utoto hujawahi kunihurumia mezani, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniheshimu hivyo. Basi njoo unipige sawasawa, kaka, mpaka nikose pa kukimbilia.

Wifi mwambie namkumbuka, na wanao nibusie mashavuni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kiherehere