Dada Yangu Alichorewa Koti, Mimi Nikachorewa Sidiria ya Chuma

Jumapili, Eldoret. Mvua ilianza tukitoka kanisani na baridi imeingia mpaka ndani ya soksi. Mdogo wangu Lynette yuko jikoni. Mimi niko kitandani na simu. Hatujaongea tangu jana jioni.

Wacha niseme tu. Naona wivu.

Si wivu wa mwanaume, ingawa kuna mwanaume ndani yake. Ni wivu wa picha.

Kwa wale hamjui, kila Jumamosi mchana tunakutana kwa karakana ya Kiptoo, kijana anayechora mabango ya maduka na saluni hapa Langas. Tunacheza gemu ya mezani. Kiptoo anasimulia ulimwengu wa kale wenye majoka na wachawi, kila mmoja wetu ana mhusika wake, tunasema mhusika anafanya nini, kisha tunarusha kete kuona kama amefaulu. Wangu anaitwa Namwaya. Analinda lango la mji. Nimemcheza miaka miwili sasa. Ameua joka, amezika rafiki yake, na kuna wakati alilinda lango peke yake akiwa amevunjika mkono.

Kazini mimi ni karani wa duka la mabati. Nasema "sawa bosi" asubuhi mpaka jioni. Jumamosi nikifungua mdomo kama Namwaya, meza nzima inanyamaza.

Lynette nilimleta mimi mwenyewe. Alitoka kwetu Turbo akaja kutafuta kazi, nikawa namwacha nyumbani kila Jumamosi anaangalia ukuta, nikamhurumia. Mhusika wake ni mganga wa mitishamba. Hajamaliza hata miezi minne kwa hiyo meza.

Jana Kiptoo alituonyesha michoro. Amekusanya hadithi zetu ziwe kitabu cha gemu, na wiki hii anakipeleka kuchapishwa. Akaanza na wahusika wa wale wavulana tunaocheza nao. Walikuwa sawa kabisa: mavazi ya chuma kutoka shingoni hadi vidoleni, nyuso za kutisha.

Halafu akamtoa Namwaya. Sidiria ya chuma. Kipande cha ngozi kiunoni. Mapaja yote nje. Amejipinda ili matiti na makalio yaonekane pamoja, kitu ambacho mgongo wa binadamu hauwezi. Joka liko nyuma yake na yeye anatabasamu.

Halafu akamtoa mganga wa Lynette. Koti zito la ngozi ya kondoo, viatu vimejaa matope, mkoba wa dawa begani, kovu kwa kidevu. Hatabasamu. Anakuangalia kama mtu anayejua ugonjwa wako kabla hujausema.

Mmoja wa wavulana akasema, "Eh, huyu sasa ni mtu."

Huyu sasa ni mtu. Na wangu ni nini?

Nilicheka na wengine. Nikasema picha zote ni nzuri. Lakini tukitembea kurudi nyumbani, mdomo wangu ukatoa kitu ambacho nilikuwa nimekimeza tangu kule mezani.

"Kwani ulimpa Kiptoo nini ndio akuchore hivyo?"

Lynette akasimama katikati ya barabara. "Unasema nini, Nafula?"

"Umenisikia."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Hata mimi alinichora uchi mara ya kwanza," akasema. "Nikamwambia arudie ama anitoe kwa kitabu. Wewe alipokuonyesha yako, ulimwambia nini?"

Nakumbuka vizuri.

Nilimwambia asante.

Mwaka jana, Kiptoo aliponitumia mchoro wa kwanza wa Namwaya, tayari akiwa na sidiria hiyo hiyo, nilimwambia asante sana na nikauweka kwa profaili. Nilipenda kile kiuno. Nilipenda watu wafikiri mahali fulani ndani yangu kuna kiuno kama hicho. Mama akapiga simu kutoka Turbo kuuliza huyo ni nani amekosa nguo na kwa nini ako kwa simu yangu. Nikautoa. Lakini sikuufuta.

Leo baada ya ibada nilienda kwa Kiptoo na mvua yote. Nilimkuta akimalizia bango la bucha.

"Nataka umchore Namwaya upya," nikamwambia.

Alishangaa. "Lakini uliipenda."

"Niliipenda. Sasa siitaki."

"Nafula, picha za gemu huwa hivyo. Zile zote nilijifunzia kuchora, wanawake walikuwa hivyo. Sikufikiria kitu kibaya."

"Hukufikiria kitu. Wewe ndiye ulisimulia vile lile lango lilikuwa baridi. Ulisema hata mate yalikuwa yanaganda. Sasa amesimama hapo na sidiria?"

Akajikuna shingo na brashi, akajipaka rangi nyekundu bila kujua. "Ni kweli nilisema hivyo," akasema polepole. "Ungeniambia mapema."

"Nakuambia sasa."

Akatafuta penseli. "Haya, simama hapo."

Nikasimama na koti langu la mvua, maji yakidondoka sakafuni. Alipomaliza akanigeuzia karatasi. Chuma mpaka kidevuni. Mabega mapana, shingo fupi, macho yamechoka lakini hayaondoki kwako. Ni mimi. Ni mimi kabisa.

Na niliumia.

Hili ndilo linanitia aibu kuandika. Nilitaka nguo, lakini nilitaka na kile kiuno kibaki chini ya nguo. Nilifika pale nikimwonea wivu Lynette, nikaondoka nikimwonea wivu na yule mwanamke wa kwanza, ambaye hajawahi kuishi popote.

"Nimpunguze mabega kidogo?" Kiptoo aliniuliza.

Nilikaribia kusema ndiyo.

"Wacha hivyo," nikasema. "Peleka huyo."

Nilikuwa nimalizie hapa, lakini nimeinuka nikaenda jikoni, na sasa nimerudi kuandika.

Lynette alikuwa anasonga ugali, amenipa mgongo.

"Neno la jana lilikuwa baya," nikamwambia. "Nisamehe."

"Lilikuwa baya sana."

"Najua."

Akaepua sufuria, akapangusa mikono, akachukua simu yangu. Nilikuwa nimepiga picha ule mchoro mpya. Aliuangalia kwa muda mrefu, akaukuza mpaka uso ukajaa kioo chote.

"Bado unanionea wivu?" akauliza, macho yakiwa kwa simu.

"Kidogo."

"Basi tuko sawa. Mimi nakuonea wivu tangu nikiwa shule ya msingi. Unafikiri nilifuata kazi tu hapa Eldoret?"

Akanirudishia simu, akasema nilete sahani.

Tumekula. Mvua haijaacha. Sasa nimekaa hapa najaribu kuelewa: miaka hiyo yote mdogo wangu alikuwa ananiangalia, alikuwa anamwona nani?