Kilichomponya Sabri Uvunguni

Bi Bashira, shikamoo. Naandika nikiwa na hasira, unisamehe maneno yakinitoka vibaya. Niko Fumba, nimeolewa mwaka wa pili huu, binti yetu Faiza ana miezi minane na hii ni wiki ya tatu anakohoa, na mama mkwe ameshaamua kwamba mtoto ana kimeo, yaani kile kinyama cha kooni kimerefuka, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja mzee wa kukikata, kwa kisu, Bi Bashira, kisu kile kile alichokatia watoto wa mtaa mzima, na mimi nilipouliza nani kathibitisha kwamba kukata kunaponya kikohozi, nikaambiwa sina adabu. "Wanangu watatu washakatwa na wote wahai," kanambia, "weye umesoma wapi kunshinda mie?" Aliyeniudhi zaidi ni mume wangu Haitham, kwa sababu yeye alikatwa akiwa na miaka mitano, na pacha wake Sabri, aliyekuwa akikohoa pamoja naye, alipomwona mkataji alijificha uvunguni mwa kitanda mpaka mzee wa watu akachoka akaenda zake, na kila Sikukuu mama hutusimulia kisa hicho tukacheka, eti Sabri kikohozi kilimtoka kwa khofu, lakini nikimwambia Haitham amzuie mama yake hujibu, "Nassra, mie siwezi kukosa radhi za mama." Na si kwamba simtibu mwanangu, kwani kila akikohoa nakwenda duka la dawa Darajani, muuzaji ananipa antibayotiki, hii ni chupa ya nne tangu azaliwe, na akipata nafuu ile nusu iliyobaki naiweka kwa safari nyengine. Nifanye nini? Nimchukue mtoto nikimbilie kwetu Nungwi?

Nassra, Fumba.

Nassra, marahaba. Hasira hiyo ni haki yako, na mimi umeniambukiza. Mtoto wa miezi minane atiwe kisu kooni! Atavuja damu, anaweza kupata pepopunda, na kikohozi kitabaki pale pale. Kinyama kile kila mtu anacho, hakina kosa. Wanaosema kukata kunaponya huwahesabu waliopona tu. Aliyevuja damu mpaka akafa husemwa siku zake zilifika, basi, hesabuni haingii.

Lakini na wewe, mwanangu, nyani haoni kundule. Mama mkwe umemtaka ushahidi; muuzaji wa dawa ulimuuliza nini? Alimsikiliza mtoto kifua? Alimpima chochote? Mafua mengi huletwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Faiza alipata nafuu kwa sababu mafua yalikuwa yanakwisha yenyewe, ukaishukuru chupa. Mwaga hayo mabaki leo.

Usikimbilie Nungwi. Kesho mpeleke mtoto hospitali, na baba yake awepo, maana wiki tatu ni nyingi na lazima ijulikane anakohoa nini. Ukiona anapumua mbiombio, mbavu zinabonyea au anakataa ziwa, usingoje hata hiyo kesho. Ukipewa dawa uliza: ya ugonjwa gani, mmejuaje, na nisipompa itakuwaje? Wakikununia, uliza tena. Mtoto ni wako.

Haitham, najua utasomewa haya. Radhi za mama hazipatikani kwa damu ya mtoto. Jumamosi hiyo kaa mlangoni mwako, umpokee mzee kwa heshima, umpe kahawa, umrudishe na kisu chake.

Na mama mkwe, Nassra, usimwendee na vitabu, wala usimpandishie sauti. Mpelekee chai, kaa chini, umwombe akusimulie tena kisa cha Sabri. Akifika pale pa kucheka, wewe usicheke. Muulize kwa adabu: "Mama, mapacha wawili, kikohozi kimoja, mmoja kakatwa na mmoja kakaa uvunguni, na wote wawili wakapona. Sasa kile kisu kilifanya kazi gani?"

Bi Bashira