Mfumo Uliosingiziwa

Kanyangi, Kitui
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Munyao,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba vumbi la malori yanayopita mbele ya karakana yako hapo mjini Salama halijakumaliza kifua. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama ana nguvu zake, ila goti linamsumbua asubuhi, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama ni wewe utakayempandia ndengu mvua ikija. Yule mbuzi wa pembe moja amezaa mapacha, wote majike.

Usishangae kupata karatasi ndani ya mfuko wa ndengu. Ningeweza kukupigia, lakini yako mambo ambayo mtu huyasema vizuri asipokatizwa, na wewe kwa kukatiza watu hujambo.

Kwanza nijisifu kidogo, maana asiyejisifu Kanyangi atasifiwa na nani? Ile kompyuta kuukuu uliyotuachia ulipofunga sayba yako ya intaneti, ambayo Mwalimu Mkuu Musyoka alisema inafaa kufugia kuku, ndiyo ruta ya shule yetu leo. Mtandao unaingia kwa tundu moja, unatoka kwa lingine, unagawanywa kwa kompyuta kumi na sita bila ugomvi. Zamani wanafunzi wawili wakifungua video, wengine kumi na wanne walikaa wakitazama kiduara kikizunguka. Sasa kidato cha nne wanarudia masomo, karani anasajili wanafunzi, na hakuna anayemnyima mwenziwe. Juzi mzazi mmoja alinisimamisha sokoni akaniita injinia. Sikumsahihisha.

Unakumbuka tulivyobishana Agosti juu ya mfumo wa kuweka ndani. Tuliketi jikoni kwa Mama mpaka chai ikapoa. Mimi nilitaka OpenWrt kwa sababu ni mwepesi. Mfumo mzima unaingia kwenye flashi ndogo na bado nafasi inabaki tele. Wewe ukasema huo ni wa vijiruta vya plastiki, na kwamba shule yenye watoto mia tatu inahitaji OPNsense, wenye ulinzi wa maana na ripoti za kuonyesha nani anafanya nini. Nikakujibu kwamba kompyuta yenyewe ni mzee wa memori ya giga mbili, usimbebeshe gunia la mtu mzima. Ukacheka, ukasema mzee huyu bado analima. Nilipotaja Debian tupu, tuandike kila kitu kwa mikono yetu, ulisema siku nikiolewa mbali shule itabaki na mashine isiyofunguliwa na mtu. Hapo ulinishinda. Ukaleta ile kadi ya mtandao yenye matundu mawili kutoka Salama, ukaweka mfumo wako kwenye diski, na shule zilipofunguliwa ikafanya kazi wiki nzima kama saa.

Ijumaa hiyo akina mama wa kanisa walikuja kuiombea. Mama aliomba kwa muda mrefu kuliko mchungaji. Alimshukuru Mungu kwa mashine ya Munyao, kwa mikono ya Munyao na kwa safari ya Munyao. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na waya mkononi.

Jumatatu iliyofuata, saa nne, ilizima. Jumanne, saa nne, tena. Kila siku darasa zima likiingia mtandaoni, baada ya muda mfupi mashine inakufa kimya. Nilikupigia Jumatano. Ukaniambia niguse ubavu wake na nyuma yake nione kama ina joto, kabla ya kulaumu chochote kingine. Nikakuambia nimegusa, ni baridi kama mtungi. Ukasema basi hujui, labda mfumo kweli umeizidi nguvu.

Alhamisi walikuja wakuu wa shule tatu za jirani. Walikuwa wamesikia habari, nao wanazo kompyuta kuukuu stoo, na walikuja wakiuliza jina la fundi. Najua ulikuwa ukiitegemea kazi hiyo. Ulikuwa umeniambia kwamba ukiipata ungehamisha karakana yako kuja Kitui mjini, uwe karibu na Mama. Saa nne ikafika, mashine ikazima mbele yao. Musyoka akanigeukia na kuniuliza shida ni nini. Mimi, bila hata kumeza mate, nikasema shida ni mfumo alioweka kaka yangu, kwamba ni mzito na hauwezi hali ya huku. Mmoja wao akasema kumbe ni wale mafundi wa barabarani. Mimi nikaendelea kukunja waya. Wakakubaliana waniachie mimi niiweke sawa, na ikinyooka nizifanyie na shule zao.

Nikautoa wako, nikaweka wangu. Mashine ikasimama imara. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, saa nne ikapita kama siku zote na kompyuta zote zikiendelea. Musyoka alitangaza kwa paredi kwamba mwalimu Nzilani ameshinda mafundi wa mbali, wanafunzi wakapiga makofi. Munyao, siwezi kukudanganya, nilisikia raha. Nilitembea kwenda nyumbani kifua mbele. Wewe ulinitumia ujumbe kwamba hongera, mdogo wangu, umenizidi, na sasa nakubali. Niliusoma mara nyingi.

Sasa nifike kwa lililonifanya nichukue kalamu.

Ile Ijumaa ya maombi, Mama hakuja mikono mitupu. Alileta kitambaa. Unamjua, kwake kitu chochote cha maana hakikai uchi, iwe kochi, redio au thamosi. Alikuwa amekifuma kwa uzi mweupe na wa buluu kwa muda wa wiki mbili, na kwa kuwa alijua vumbi letu, akakishonea bitana nzito chini, kikateremka pande zote za mashine mpaka mezani. Akina mama wakapiga vigelegele. Nami, mwalimu wa kompyuta mwenye cheti, niliona matundu yote ya hewa yamefunikwa, nikapiga picha.

Uliponiambia niguse ubavu, sikugusa. Nilikuwa ofisini, simu sikioni, sikuinuka hata kwenye kiti. Nilisema ni baridi kwa sababu nilikuwa nimechoka kuambiwa na wewe, na kwa sababu ndani yangu nilitaka uwe umekosea. Mimi ndiye ninayekaa huku, ninayempeleka Mama kliniki, ninayefundisha watoto hawa. Halafu maombi yote ni Munyao, Munyao. Nilitaka mara moja tu kijiji kiseme Nzilani. Nilikuwa na wivu, kaka. Hilo ndilo jina lake.

Na siku tatu zile za ushindi wangu? Kitambaa kilikuwa nyumbani, Mama akikifua. Alhamisi alikirudisha kikiwa kimepigwa pasi. Ijumaa saa nne mfumo wangu ukazima vilevile kama ulivyozima wako. Ndipo nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nikautoa haraka kama mtu aliyegusa kikaangio. Nikakiondoa, nikasubiri, nikawasha. Ikafanya kazi siku nzima. Wanafunzi walidhani nimefanya maajabu ya pili.

Ningeweza kuishia hapo na hakuna ambaye angejua. Lakini Jumamosi kidato cha nne walipokuja kurudia masomo, nilichomoa flashi yangu, nikarudisha diski yako, mashine ikiwa wazi. Ikashika asubuhi mpaka jioni. Jumatatu darasa zima, ikashika. Nimeiacha hivyo mpaka leo, wiki tatu sasa, na haijazima hata mara moja. Kwa hiyo kila nilichojisifia mwanzoni mwa barua hii, kugawanya mtandao bila ugomvi, karani kusajili wanafunzi, hata huyo mzazi aliyeniita injinia, ni mfumo wako uliokuwa ukifanya kazi. Mimi nilikuwa nikitembea tu mbele yake.

Ijumaa hii iliyopita nilienda kwa Musyoka nikamweleza yote, pamoja na uongo wa simu. Aliniuliza kwa nini najichomea nyumba mwenyewe, na hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikamwambia jina lililoharibika si langu. Aliwapigia wakuu wale watatu nikiwa nimeketi mbele yake, nami nikasema na kila mmoja. Yule aliyetaja mafundi wa barabarani ameomba umsamehe. Watakungoja Jumanne ya tarehe ishirini na moja, hapa shuleni.

Jioni nikamwambia Mama. Niliogopa sana suala la kitambaa, nikaanza kwa kuusifu uzi wake. Alisikiliza akichambua ndengu. Nilipomaliza hakusema neno juu ya kitambaa. Aliniuliza jambo moja tu, kama Munyao anajua. Nikasema bado. Akasema, “Asi, Nzilani! Umewaambia watu wa nje kabla ya ndugu yako?” Akarudi kwa ndengu zake na hakuniangalia tena mpaka tukalala. Nilikuwa nimejiona shujaa kwa kusema ukweli. Kumbe nilikuwa nimeusema kwa kila mtu isipokuwa yule niliyemdanganya.

Basi nakuambia wewe sasa. Nilikudanganya, ukaniamini, ukanipongeza. Nisamehe.

Njoo hiyo Jumanne. Usipoweza kunitazama, nitaelewa; nitakaa darasani na wanafunzi wangu, uzungumze na wakuu bila mimi. Mama anakusalimu sana, na watu wa kanisa wote. Wasalimie majirani zako wa Salama. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi dadako anayekupenda,
Nzilani